Gari la Wazi na Kutu ya Kolwezi: Lifufuliwe au Livunjwe?

Kuna picha ya mwishoni mwa Juni 1960 iliyozunguka dunia nzima. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji amesimama wima ndani ya gari la wazi, pembeni yake Rais Joseph Kasa-Vubu, msafara ukipita katika barabara ya Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kando ya gari kijana aliyevaa suti, Ambroise Boimbo, anatimua mbio na upanga wa mfalme mkononi. Mpiga picha Mjerumani, Robert Lebeck, ndiye aliyeinasa nukta ile. Tangu siku hiyo watu wamezungumzia upanga, mfalme na uhuru. Gari halina wa kulizungumzia, ingawa kama lingekuwa na paa, upanga ungebaki kwa mwenyewe.

Gari la paa la kukunja, ambalo kwa Kifaransa huitwa cabriolet na hapa tutaliita kabrioleti, lilikuwa chombo cha fahari katika Kongo ya zamani. Leo fahari hiyo ikionekana huwa imelala uani, matairi yamezama ardhini, turubai limeoza na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mwenye kiwanja, au parcelle kama wanavyosema wenyeji wa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, ana njia mbili: kuliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, au kulifufua pale pale nyumbani. Swali hili linaonekana dogo, lakini ndani yake mna kemia, historia ya mkoa, sheria na hesabu ya mfuko.

Yalifikaje, na kwa nini yalibaki

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906, iwe makao ya migodi yake ya magharibi. Reli kutoka kusini ilikuwa imefika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1931 njia ya Benguela ikaiunganisha Katanga na bandari ya Lobito nchini Angola. Shaba ilitoka kwa reli hizo, na magari ya wahandisi na wakubwa wa kampuni yakaingia kwa reli hizo hizo. Mchimbaji Mwafrika akijaliwa alipata baiskeli.

Kisha historia ikawa inawaondoa wenye magari kwa mikupuo. Kwanza uhuru wa 1960 na vita vya kujitenga kwa Katanga vilivyoisha Januari 1963, Kolwezi ikiwa ngome ya mwisho ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zitapewa raia. Mei 1978 waasi wa kundi la FNLC wakaiteka Kolwezi wakitokea Angola. Wanajeshi wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka tarehe 19 mwezi huo, na Wazungu zaidi ya 2,000 wakaondolewa kwa ndege. Mtu anayekimbia kwa ndege hachukui gari. Septemba 1991 likaja wimbi la uporaji lililoitikisa nchi nzima.

Mdororo wa Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi migodi mwaka 1967, ndio uliomalizia kazi. Kampuni iliyotoa tani zaidi ya 470,000 za shaba mwaka 1986 ilitoa chini ya 40,000 mwaka 1994. Mshahara usipofika, gari lisilotembea hugeuka ghala la vipuri. Kabureta huenda kwa jirani, dinamo kwa shemeji, na matairi hufungwa kwenye mkokoteni. Ndiyo maana kabrioleti nyingi za zamani, zinapopatikana, ni bodi tu. Hazikuuawa na ajali, zilikonda polepole kwa kugawanywa.

Kutu ya mji wa shaba

Kutu ni chuma kinachorudi katika hali yake ya udongo. Kinahitaji vitu viwili tu, maji na hewa, na Kolwezi ina vyote. Mvua huanza Oktoba na kuendelea hadi Aprili. Udongo mwekundu ukishalowa hung'ang'ania kila uwazi wa bodi na kushika unyevu kwa siku nyingi baada ya jua kutoka. Tena kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huvimba, huinua rangi na kufungua njia ya maji zaidi. Uvimbe mdogo kama punje ya mtama juu ya rangi mara nyingi una tundu la upana wa kidole chini yake.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa viwandani wanalijua vizuri. Shaba na chuma zikigusana mahali penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa. Wahunzi wa viwanda vya shaba wametumia kanuni hiyo tangu zamani: tupa chuma chakavu ndani ya maji yenye shaba iliyoyeyuka, shaba itajipaka juu ya chuma, na chuma kitayeyuka kidogo kidogo. Funzo kwa mwenye gari ni jepesi. Usifunge waya mtupu wa shaba kwenye chesisi ukauacha bila kuupaka kitu, na usizibe tundu la bodi kwa bati la shaba eti kwa sababu shaba haishiki kutu. Bati hilo litadumu, na bodi inayolizunguka itaondoka.

Zinki hufanya kinyume chake. Ikigusana na chuma, hukubali kuliwa yenyewe kwanza, chuma kikabaki salama. Ardhi hii inazo zote mbili, shaba na zinki, na Kolwezi yenyewe iliwahi kuwa na kiwanda cha zinki. Ndiyo sababu rangi ya kwanza juu ya chuma kilichosafishwa iwe yenye zinki. Anayepaka rangi ya duka moja kwa moja juu ya chuma, au juu ya kutu, anaifunika tu isionekane.

Ugumu wa gari lisilo na paa

Gari la kawaida ni kama sanduku. Sakafu, nguzo na paa hushikana, na upande mmoja ukidhoofika pande nyingine hubeba. Ukikata paa, sanduku linakuwa sinia. Watengenezaji hurudisha nguvu iliyopotea kwa kuimarisha vizingiti, yaani yale maboksi marefu ya bati yaliyo chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwenye kabrioleti, kizingiti ndio uti wa mgongo.

Msiba ni kwamba kizingiti ndipo mahali maji hupenda kukaa. Kina vitundu vidogo chini vya kutolea maji, na tope jekundu huviziba katika msimu mmoja wa mvua. Maji yakiingia kutoka juu kupitia turubai bovu hayana pa kutokea. Kikulacho ki nguoni mwako: kabrioleti huoza kutoka ndani, huku nje rangi ikingali inang'aa. Ndiyo maana mtu anaweza kulipia gari lenye sura nzuri kumbe amenunua mgonjwa aliyevunjika mgongo.

Kulipima hakuhitaji mashine. Fungua mlango nusu, shika ncha yake na uinyanyue. Ikicheza, angalia kama bawaba ndiyo inayotikisika au nguzo yote inasogea na bodi. Funga mlango tena utazame mwanya ulio nyuma yake. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limekwisha kupinda katikati. Kisha lala chini na bisibisi pana na nyundo ndogo. Gonga kizingiti kila baada ya upana wa kiganja. Bati zima hulia kwa sauti kavu, lililooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Pale sauti inapokufa, sukuma bisibisi. Ikizama, weka alama kwa chaki. Ukimaliza pande zote mbili, chaki itakueleza habari za gari hilo kuliko maneno ya muuzaji.

Kila aina ina pahala pake pa aibu. Volkswagen ile ambayo Tanzania huitwa mgongo wa chura na Kongo coccinelle huweka betri chini ya kiti cha nyuma. Asidi ya betri ikimwagika kidogo kidogo kwa miaka, sakafu chini yake huisha kabisa, kiasi cha kuona ardhi. Inua kiti hicho kabla hujatoa hata faranga moja.

Kazi yenyewe, uani

Kosa kubwa la wanaoanza ni kukata chuma kilichooza siku ya kwanza. Kabrioleti ikikatwa kizingiti bila kushikiliwa hujikunja katikati kama kitabu, na milango haitafunga tena. Kabla ya grenda kuwashwa, chomelea vyuma vya pembe ndani ya uwazi wa kila mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, na kimoja cha kukatiza kutoka upande hadi upande. Gari likae juu ya vigingi imara karibu na magurudumu, lisikae juu ya jeki. Pima kwa kamba umbali wa pembe kwa pembe, kushoto na kulia, uandike vipimo ukutani. Halafu fanya upande mmoja hadi uishe ndipo ugeukie wa pili, ukipima upya kila baada ya kuchomelea.

Bati la bodi lina unene wa milimita moja hivi au pungufu. Mashine ya vijiti inayochomelea mageti ya Kolwezi hulitoboa kama karatasi mkononi mwa fundi asiyeizoea. Ile ya waya na gesi ndiyo bora. Isipopatikana, fundi mzuri wa mwali wa gesi anaweza, mradi achomelee nukta moja hapa na nyingine kule, asivute mstari mrefu unaopindisha bati. Kwa viraka, wengi hukimbilia bati la paa la nyumba. Ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi unaompa fundi homa usiku huo. Pipa la chuma lina unene unaofaa zaidi, lakini ujue lilibeba nini. Katika mkoa ambako asidi na kemikali za viwanda husafirishwa kila siku, pipa lisilojulikana halikatwi kwa moto. Hata pipa la petroli lililokauka linaweza kulipuka kwa mvuke uliobaki ndani.

Sehemu ndogo kama bawaba, mabano na vifuniko zinaweza kusafishwa kwa umeme, na hapa Kolwezi ina somo lake yenyewe. Katika kiwanda cha Luilu, kilichoanza 1960, shaba huyeyushwa katika asidi, kisha umeme huiita kutoka majini ijipange juu ya bamba. Ndoo ya uani hufuata kanuni ya elimu ile ile. Jaza maji ndoo ya plastiki, tia magadi soda, kijiko cha chakula kwa kila lita nne au tano. Tumbukiza kipande cha chuma cha kawaida usichokijali na ukifunge kwenye waya chanya wa chaja ya betri. Kifaa chenye kutu kifungwe kwenye waya hasi, visigusane. Baada ya saa kadhaa kutu nyekundu hugeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi. Chumvi ya mezani isitumike, kwani hutoa gesi ya sumu, wala chuma cha pua kisiwekwe upande wa chanya, kwani huacha sumu majini. Kazi ifanyiwe nje, mbali na moto, maana ndoo hiyo hutoa haidrojeni. Springi zisiingizwe humo kabisa, kwa sababu huwa kavu na kuvunjika. Kifaa kikitoka, kikaushwe juani na kupakwa rangi siku hiyo hiyo, la sivyo kutu mpya itatokea kabla ya jioni.

Umeme wenyewe ni kitendawili cha mji huu. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, juu ya mto Lualaba. Njia ya umeme kutoka mabwawa ya Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi na iliyokamilika 1982, inaishia Kolwezi. Hata hivyo mitaani neno délestage, yaani mgao wa umeme, kila mtu analijua. Mwenye kazi hii hupanga kuchomelea kulingana na umeme, na saa za giza hufanya kazi za mkono: kukwangua, kunyoosha bati kwa nyundo, kufungua nati zilizogoma baada ya kulowekwa mafuta usiku kucha.

Kalenda nayo ina mtego. Wengi hudhani kiangazi ndicho msimu wa kupaka rangi kwa kuwa hakuna mvua. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi la barabara na malori ya migodi huingia kila mahali, na rangi mbichi hukauka ikiwa na ngozi ya msasa. Masika hayana vumbi, lakini unyevu hujificha chini ya rangi. Dirisha zuri ni Aprili hadi katikati ya Mei, mvua zikiisha na vumbi likiwa halijaamka, sakafu ikiwa imemwagiwa maji asubuhi. Miezi ya kiangazi ibaki ya kukata na kuchomelea.

Tahadhari moja haihitaji maelezo marefu. Rangi za zamani mara nyingi zina risasi na pedi za breki za zamani zina asbesto. Rangi isuguliwe ikiwa imeloweshwa, pedi zisisuguliwe kabisa, na watoto wasichezee uani siku hizo.

Mikono ipo, vipuri viko mbali

Katika jambo moja Kolwezi ni tajiri kuliko miji mingi: mikono. Wasalesio walifika Katanga mwaka 1911 na kufundisha ufundi. Union Minière na baadaye Gécamines zilizalisha vizazi vya mafundi mitambo, mafundi umeme na wachomeleaji, na karakana kuu za Panda huko Likasi ziliweza kutengeneza kipuri kutoka chuma kitupu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa kujiuzulu kwa hiari uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, wengi wakiwa hawajalipwa kwa miezi mingi. Walirudi nyumbani na ujuzi ambao hakuna cheti kinachoupima. Wengi wao sasa ni wazee. Fundi anayeweza kuunda upya kizingiti kwa nyundo na mfuko wa mchanga ni mali inayopungua kila mwaka, na mwenye gari la namna hii anapaswa kumtafuta baba wa aina hiyo kabla hajatafuta vipuri, tena amweke kijana mmoja pembeni yake ajifunze.

Paa la kitambaa si tatizo kubwa kama linavyodhaniwa. Mji unaoishi kwa malori una mafundi wa turubai, na wanaoyashonea malori wanaweza kuishonea kabrioleti kama ukiwaletea paa la zamani liwe kipimo, hata likiwa vipande. Kinachosumbua ni vyuma vya kukunjia. Visipokuwepo, jihesabu kuwa umepoteza nusu ya gari.

Kuhusu injini, kanuni ni moja: chagua kabrioleti ambayo ndugu yake mwenye paa alijaa Afrika. Kabrioleti ya Volkswagen, iliyoundwa na Karmann mjini Osnabrück kuanzia 1949 hadi 1980, hutumia injini na breki za Volkswagen ya kawaida, gari lililotengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi la mwisho lilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Kabrioleti ya Peugeot 404 ya miaka ya 1960 ina undugu na ile 404 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Vipuri vyao bado vinapatikana Afrika Kusini na Ulaya, kisha vinapanda na malori hadi mpaka wa Kasumbalesa. Gari la kifahari la Marekani linaweza kuwa zuri zaidi kwa macho, lakini kila nati yake itatafutwa ng'ambo.

Karatasi zinaweza kuua mradi kabla ya kutu. Gari bila carte rose, yaani hati ya usajili, yenye namba ya chesisi inayolingana ni sanamu ya uani. Katika mji ambao wenye magari walikimbia na majumba yakabadili mikono, maswali ya "hili ni la nani?" hayaishi kwa kuwa gari limekaa miaka 40. Mambo hayo yamalizwe ofisini mwanzo kabisa, wakati thamani ya gari bado ni ya chuma chakavu na hakuna wa kuligombania.

Hesabu ya mwisho

Wapo wanaouliza, na wana haki: kwa nini kuhangaika na gari bovu la petroli katika mji unaochimba kobalti ya betri za magari ya umeme? Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka mkoa huu wa Lualaba. Mwaka 2014 mtaani Kasulo, hapa Kolwezi, watu waligundua madini chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba vyumbani na uani. Mahali kama hapo, nafasi ya kuegesha gari bovu ni anasa.

Wengine hutaja Nairobi, ambako mashindano ya umaridadi wa magari yamefanyika kwa miaka mingi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na ambako mbio za Safari za magari ya zamani zimekuwepo tangu 2003. Huko kuna vilabu, majaji na wanunuzi, na gari lililofufuliwa lina mahali pa kwenda. Kolwezi haina desturi hiyo bado. Anayefanya kazi hii akitarajia faida ya fedha atajuta. Saa za kazi, gesi, msasa na usafiri vitapita bei yoyote atakayopewa hapa.

Hata hivyo kuna faida ambayo hesabu hiyo haiigusi. Kila siku malori huondoka Kolwezi na chuma cha thamani, na kinachorudi ni bidhaa zilizotengenezwa na mikono ya wengine. Kufufua gari nyumbani ni kazi adimu ambamo chuma, ujuzi na mfundishwaji vyote vinabaki mjini. Kijana aliyejifunza kunyoosha kizingiti cha 404 anaweza kuchomelea tangi la maji, bodi ya lori na kitanda cha hospitali. Kwa sababu hiyo gari bovu laweza kuwa shule, hata kama si uwekezaji.

Uamuzi wangu basi ni huu. Lifufue gari ikiwa angalau kizingiti cha upande mmoja ni kizima, karatasi zinaeleweka, na injini yake ina ndugu barani. Likikosa moja kati ya hayo, fikiri tena. Likikosa mawili, livunje kwa heshima na uhifadhi vyuma vya paa, milango na vioo, ili kabrioleti nyingine iliyo mahali fulani Likasi au Lubumbashi ipone kwa viungo vyake. Na kama yote matatu yametimia, usianze na rangi wala viti. Mvua za Oktoba hazisubiri. Chukua bisibisi, nyundo na chaki, lala chini upande wa dereva, ugonge.